Watoto wanalala juu, ngazi ni moja: moto ukianza chini usiku mtatokaje?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana saa saba ya usiku eksitensheni ya friji kule chini ilianza kuungua. Hakukutoka moto wa kutisha, plastiki imeyeyuka na sofa limeshika kidogo pembeni, baba watoto akashuka mbio akazima meni swichi akamwaga ndoo mbili za maji ikaisha. Lakini moshi yakhe. Moshi ulishafika juu kabla hata hatujaamka. Nafungua mlango wa chumba changu nakuta korido imejaa, taa nimewasha na siioni, na vyumba vya watoto viko upande wa pili wa ngazi. Nikafika kwa kukohoa nikawakusanya nikawapeleka dirishani wapate hewa, dirisha lina nondo na kufuli, na ufunguo wa kufuli uko jikoni. Chini. Ndani ya kopo la zamani la chumvi, na tuliuweka huko sie wenyewe ili watoto wasiuchezee.

Tangu siku ile ndo nikakaa kitako kujifunza haya mambo na nikaipanga upya nyumba nzima. Sie tunakaa Fuoni, Unguja, nyumba ya ghorofa moja, chini sebule, jiko na chumba cha bibi yao, juu vyumba vitatu. Watoto watatu, mkubwa miaka 13, wa kati 8, kitindamimba 4. Nyumba za aina hii saivi zimejaa, Tomondo, Mbweni, mpaka Chake na Wete kule Pemba utaziona, na karibu zote zimejengwa kwa kumuogopa mwizi tu, moto hakuna aliyeufikiria.

Kwanza uelewe moshi unavofanya kazi maana hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Moshi wa moto una joto kwa hiyo unapanda, na njia ya kupandia ndani ya nyumba ni ngazi. Ngazi inakuwa bomba. Mtu wa chini bado anaona vizuri, wewe wa juu ushaanza kuvuta hewa ya sumu, na ile hewa haina harufu ya kukuamsha, inakuzidisha usingizi. Wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba hawafi kwa kuungua, wanakufa kwa moshi. Afu kuna hili la muda. Kuna taasisi ya majaribio ya moto Marekani, UL, wanasema miaka 40 iliyopita ulikuwa na kama dakika 17 za kutoka nyumbani, saivi ni 3 au chini ya hapo, sababu vitu vya ndani vimebadilika. Na kweli, fikiria wenyewe, bibi zetu walilalia godoro la sufi juu ya kitanda cha samadari, sisi tuna sponji kwenye sofa, sponji kwenye godoro, mapazia ya nailoni, zulia la plastiki, vitu hivo vinawaka kama petroli na moshi wake mweusi tii.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya fundi na kabla ya kununua chochote: mlango wa chumba cha mtoto ufungwe usiku. Ufungwe tu, usitiwe ufunguo. UL hao hao walipima, chumba kilichoachwa wazi joto lilipita nyuzi 500 za sentigredi na chumba cha pembeni yake kilichofungwa mlango kilibaki chini ya 40. Nyumba ile ile, moto ule ule. Ubao ule tu wa mlango.

Najua utaniambia joto. Kaskazi ya Januari na Februari ukifunga mlango mtoto anaiva, na umeme ukikatika feni hamna. Nilibishana na hili wiki nzima. Sie tumemaliza hivi: mlango unafungwa, dirisha linabaki wazi lenye wavu wa mbu, upepo unaingia kwa dirishani na wala haupungui sana kama nilivodhani. Kitindamimba alikuwa anaogopa mlango ukifungwa, tukamuwekea taa ndogo ya betri, kazoea siku tatu. Na tazama juu ya mlango wako, nyumba nyingi huku fundi anaacha matundu ya hewa au kidirisha kisicho na kioo, hapo moshi utapita hata mlango ukifunga. Sisi tumeziba kwa plaiwudi na misumari, si kazi ya kumuita mtu.

Sasa dirisha. Kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili za kutoka, ya kwanza mlango na ngazi, ya pili dirisha. Chukua karatasi ya daftari uchore nyumba pamoja na watoto wenyewe, vyumba, milango, madirisha, ngazi, na kwenye kila chumba mtoto atie mishale miwili. Mkubwa wangu alichora, akafika chumbani kwake akatia mshale mmoja akanitazama. Mshale wa pili unapita wapi mama? Nondo kila pahala. Nikamwambia subiri.

Nikamwita fundi wa kuchomea. Si lazima ufumue grili zote, kwa kila chumba dirisha moja linatosha, na chagua lile ambalo chini yake kuna kitu, paa la kibaraza, zege la gereji, au walau mchanga, si lile la juu ya kisima au ukuta wenye vigae vya chupa. Fundi anakata sehemu ya grili anaitia bawaba inakuwa kama mlango mdogo unaofunguka kwa nje. Uwazi uwe wa mtu mzima kupita, walau nusu mita upana na sentimita 60 kwenda juu, usimpimie mtoto tu maana na wewe utapita hapo hapo. Madirisha ya alaminiam ya kuslaidi ni mtego, unaona dirisha kubwa kumbe likifunguka unapata nusu, pima hiyo nusu.

Kuhusu kufunga, bora komeo la ndani ambalo mkono wa mtu aliye nje haulifikii, lisilo na ufunguo kabisa. Kama roho yako haitulii bila kufuli basi ufunguo wake uning'inie kwenye msumari chumba hicho hicho, pembeni ya dirisha, mbali kuliko urefu wa mkono wa mwizi na chini kiasi cha mtoto kuufikia, umefungwa uzi mwekundu, na sheria ya nyumba ni kwamba ule ufunguo hautoki pale hata kwa dakika moja. Nakala ya pili kaa nayo wewe.

Hapa ndo palikuwa na vita na mkwe wangu. Bibi yao ni mtu wa kufuli, usiku anapita mlango wa mbele anatia komeo juu, komeo chini, kufuli katikati, afu anasogeza na kiti. Nilipomwambia juu ya grili kufunguka akanitazama, "Mwanangu, moto unakuja siku moja, mwizi anakuja kila siku." Nikamjibu kweli mama, lakini mwizi anachukua tivii. Akanyamaza, akaguna. Tulichokubaliana ni kuwa mlango wa mbele kufuli imeondoka, makomeo mawili yamebaki, na kiti kimerudi mezani kwake.

Kushuka kwenyewe. Hapa watu wanaogopa na wana haki. Ghorofa moja dirisha liko kama mita nne kutoka chini. Mtu mzima akijining'iniza kwa mikono kwenye kizingiti miguu yake inakuwa kama mita mbili kutoka ardhini, anaweza kuvunjika mguu lakini atapona. Kuruka kwa kusimama dirishani ni kitu kingine kabisa, usiruke hivo. Na watoto hawashuki peke yao, mtu mzima mmoja anakuwa chini, mwingine juu anamteremsha mtoto mmoja mmoja kwa mikono, miguu mbele, uso ukutani, wa chini anapokea. Wadogo kwanza, na wewe wa mwisho, ukishuka wewe mwanzo yule mdogo akiogopa hakuna wa kumsukuma. Rusha magodoro na mito chini kama una nafasi. Sie tuna ngazi ya mbao iliyolala kwa jirani upande wa pili wa ukuta, na jirani ngazi yake iko kwetu. Tumebadilishana. Watu wanacheka lakini inafanya kazi.

Na kushuka dirishani ni njia ya mwisho. Kama moshi haujaingia chumbani na mlango unazuia, kukaa ndani na kusubiri mara nyingi ni salama kuliko kujitupa. Unachofanya: mlango umefungwa, unachukua kanga au shuka unairowesha maji unaiziba kwenye upenyo wa chini ya mlango, mnakaa dirishani, mnapiga kelele na kumulika tochi nje. Ndo maana chumba cha watoto kila siku kina chupa ya maji, kanga moja kuukuu, tochi na filimbi. Filimbi inasikika mbali kuliko kulia.

Wanaokaa Michenzani au maghorofa mengine marefu, dirisha si njia ya kutokea, lisahau. Kwenu ni ngazi ya pamoja, na kama ngazi ina moshi basi mlango, kanga na dirisha la kuitia watu. Kazi yenu kubwa ni majirani, ngazi ile isiwekwe magodoro mabovu, mkaa wala makabati.

Mji Mkongwe nako ni habari yake. Mie nimekulia huko, mtaa wa Malindi, nyumba ya mawe ya zamani, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hauwaki lakini kila kilichomo ni mbao, dari ya boriti, ngazi ya mbao imesimama wima utadhani unapanda mnazi, na ngazi ni moja. Usiku chini ya ngazi hiyo hiyo watu wanaingiza vespa. Vespa yenye tangi la petroli, mguuni mwa njia pekee ya watoto kushukia! Kama hutosoma kingine chochote hapa toa hiyo vespa, na jenereta, na kidumu cha petroli kilichobaki tangu ule umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, maana kuna watu bado wanavyo. Mtungi wa gesi pia usikae chini ya ngazi.

Lakini Mji Mkongwe una kitu ambacho sisi wa Fuoni hatuna, nyumba zimebanana. Sakafu ya juu ya nyumba yako inagusana na ya jirani, na mitaa mingine lipo wikio, kile chumba kinachovuka njia kwa juu kuunganisha nyumba mbili. Njia yako ya pili pengine iko kwa juu siyo kwa chini. Kaa na jirani muongee, mlango wa darini kwake unafungwa vipi, wikio lilizibwa lini na lilizibwa na nini, kama ni ubao tu basi uwe ubao wa kufunguka. Sharti moja: kupanda juu ni sawa kama tu kuna pa kuvukia kwenda kwingine, kukimbilia darini pasipo na njia ni kuufuata moshi. Na jueni kuwa vichochoro vingi gari la zimamoto halipiti, askari watavuta mipira kwa miguu kutoka barabarani, kwa hiyo dakika za kujitegemea kwenu ni nyingi zaidi.

Haya, watoto. Mashine ya kugundua moshi ni nzuri, ukiipata itie moja kwenye dari ya korido karibu na vyumba na moja chini, bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi, badili betri kila mwaka, na ikifika miaka 10 itupe. Lakini usiitegemee imuamshe mtoto. Mtoto anayelala mpaka adhana ya alfajiri inapigwa na spika imeelekea dirishani kwake ataamshwa na kidude kinacholia pii pii? Hospitali ya watoto ya Nationwide kule Ohio walijaribu hili, wakalinganisha mlio wa kawaida na sauti ya mama iliyorekodiwa, sauti ya mama ikaamsha watoto wengi zaidi na kwa haraka zaidi. Kwa hiyo alamu ni ya kukuamsha wewe, na wewe ndo alamu yao. Pangeni kabisa nani anamfata nani, kwetu mie namchukua kitindamimba, baba anamfata wa kati, mkubwa anajitegemea, na bibi yuko chini anatoka mwenyewe na kugonga kwa jirani. Kama baba yuko safarini plani ni nyingine na hiyo pia tumeifanyia mazoezi.

Chandarua ndo kitu kilichonishangaza. Siku ya zoezi la kwanza la usiku nilizima taa nikaita "moto, moto", wa kati akaamka akaanza kupigana na neti. Nimemchomekea chini ya godoro pande zote nne kama kila mama, yuko ndani anazunguka haoni upenyo, mwisho kajiviringa nayo kakaa katikati ya kitanda analia. Sasa tunachomeka pande tatu, upande wa mlango unaachwa mrefu ulale tu kwenye godoro, na kila mtoto anajua ni huo, anapiga teke anatoka. Na mshumaa au dawa ya mbu ya kuzunguka haikai tena karibu na neti, wala chetezo cha udi hakibaki na makaa mtu akalala.

Kutambaa tumefundisha kwa kanga. Mimi na mkubwa tunashika kanga huku na huku, usawa wa kiuno, tunaitembeza koridoni, huo ndo moshi, hewa nzuri iko chini, anayegusa kanga kichwa ameungua anaanza upya. Wanaipenda mpaka wananiomba jioni. Katika mchezo huo huo wanajifunza mlango: unaugusa kwa nyuma ya kiganja, juu mpaka chini na kitasa, ukiwa wa moto hufungui, unarudi dirishani. Ukiwa baridi unafungua kidogo, ukiona moshi mwingi unafunga.

Kujificha ni kitu cha kurudia mpaka uchoke. Mtoto mdogo akiogopa anaingia uvunguni au kabatini na hajibu akiitwa maana anadhani amekosa. Kitindamimba wangu mara ya kwanza tulimkuta nyuma ya kapu la nguo. Usimgombeze, mwambie atakapojificha hakuna atakayemuona. Na muonyeshe picha ya askari wa zimamoto aliyevaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, kwa sababu usiku gizani anapumua khoo khoo mtoto atadhani jini Popobawa kaja na ataingia uvunguni zaidi. Ukipata nafasi ya kuwapeleka kituo cha Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wakamuona askari anavaa vile vitu mbele yao, nenda.

Mkitoka mnakutana pahala pamoja. Kwetu ni baraza ya msikiti, si getini, maana getini moto unafika na magari yanapita. Kule mnahesabiana. Aliyetoka harudi ndani, si kwa simu, si kwa dhahabu, si kwa hati ya nyumba, na kama mtu hayupo unawaambia zimamoto yuko chumba gani, hapo ile ramani ya daftari ina maana. Namba ya zimamoto ni 114, kila mtoto anayejua kuhesabu aijue kwa kichwa. Na kwa kuwa nyumba zetu hatuzitaji kwa namba, andikeni sentensi ya kusema mubandike ukutani: mtaa, msikiti au skuli ya karibu, njia ya kuingilia gari, nyumba ya ghorofa rangi gani, watoto wako juu. Mtu akiwa na hofu anasahau hata jina la mtaa wake. Mmoja akasimame barabarani kulipokea gari.

Akiungua mtu, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20, nguo na bangili zitoke kama hazijaganda, afu hospitali. Dawa ya meno, asali, yai, hapana.

Mazoezi tunafanya mara mbili kwa mwaka, Jumamosi inayofata kila Iddi ndo tumeiweka ili tusisahau, mara moja mchana na mara moja usiku kweli, na bila kuwatisha, mwisho wana aiskrimu. Zoezi la mwanzo lilitupotezea dakika sita na nusu. La mwisho lilikuwa moja na sekunde hamsini, na hapo bibi kaja na mkoba wake, nikamwambia mama mkoba unabaki, akasema huu una dawa za presha, haya nikamuachia, saivi unakaa umening'inia mlangoni kwake.

Kitu kimoja bado. Siku hiyo hiyo komeo la chumba cha mkubwa lilikataa. Hewa yetu ya chumvi na mvua za masika zimelitia kutu, afu aliyepaka rangi dirisha kapaka na komeo limeganda kama limechomelewa, mtoto anavuta kwa mikono miwili halitikisiki. Nimelimiminia mafuta ya cherehani likasogea nusu. Fundi anakuja Jumapili.